Nyaya Nne za Buji na Arusi ya Jeannette

Kindu Port-Empain, mtaa wa Kasuku
Jumapili, tarehe 29 Aprili 1956

Kwa Ndugu Mhariri wa gazeti la *Taa ya Jamaa*

Kuhusu: nyaya za buji, vichwa vyake, na aibu iliyonipata kwa ajili yake

Ndugu Mhariri mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima iliyokaa juu ya hasira yangu kama kifuniko juu ya sufuria. Mimi ni Mukuna Tharcisse, karani wa mizigo katika stesheni ya gari la moshi hapa Kindu, mzaliwa wa Kasai, baba wa watoto watano, Mkristo, na msomaji wa gazeti lako tangu toleo la kwanza. Sijapata kumwandikia mhariri yeyote. Barua zangu zote mpaka leo zilihusu magunia, mapipa na masanduku, na hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kosa la maandishi. Nakuomba uisome hii mpaka mwisho, na ikiwezekana uisome umeketi.

Mwezi wa Februari, katika ukurasa wa nne, mwandishi wenu anayejiita Fundi Mjuzi alitoa mashauri yenye kichwa hiki: "Jinsi ya kuchagua nyaya za buji zilizo amini." Kwa wasomaji wasio na gari nieleze kidogo. Buji ndiyo inayotoa cheche ndani ya injini. Waya wa buji ndio unaoiletea moto kutoka kwenye kikombe cheusi kiitwacho delko, ambamo mna kidole kinachozunguka na kugawa moto kwa kila buji kwa zamu. Waya ukiwa mbovu, moto hupotea njiani kama gunia la mchele lisilo na anwani.

Mimi nina gari. Ni gari dogo la mbio, la Kiingereza, la kabla ya vita, la rangi nyekundu, lenye viti viwili na halina paa. Nilipewa na Mzungu mmoja mhandisi wa machimbo ya Kampene alipokuwa anarudi kwao Ubelgiji, kwa kuwa nilimtafutia sanduku lake la vitabu lililopotea kati ya Kongolo na hapa. Na pia, alisema mwenyewe, kwa kuwa hakuna Mzungu mwenzake aliyelitaka. Nililetewa juu ya lori la mchele. Magurudumu yalikuwa mazima. Nyaya za buji zilikuwa zimeliwa na panya.

Wakati huohuo binti yangu Jeannette alikuwa amechumbiwa na kijana Félicien, mwalimu wa shule huko Kibombo, na arusi iliwekwa Jumamosi tarehe 21 Aprili. Niliapa mbele ya mke wangu Pélagie kwamba mtoto wetu hataenda kanisani kwa miguu wala juu ya baiskeli. Pélagie alinijibu, "Baba Jeannette, miguu haijapata kuvunja arusi ya muntu." Lakini mimi nilikuwa na gari, nilikuwa na ukurasa wa nne, nami nilikuwa na wakwe wanaokuja kwa treni.

Yuko hapa mtaani fundi mmoja, jina lake Bulaimu, mzee wa Kingwana, anayetengeneza malori ya wachuuzi wa mchele. Alikuja akalizunguka gari langu mara mbili, mikono nyuma, akasema kwa Kingwana chake, ambamo ndiyo huwa "njo": "Bwana Karani, waya njo mushipa. Uniachie nikuchagulie." Nikamuuliza kama amesoma Fundi Mjuzi. Akasema hajui kusoma. Nikamshukuru, nikampa chai, nikamsindikiza mpaka njiani. Hivyo ndivyo nilivyolitetea gazeti lako, Ndugu Mhariri. Sasa sikia lilivyonilipa.

1. Fundi Mjuzi aliandika: "Waya huchaguliwa kwa jicho na kwa mkono. Uutazame mpira wake, uukunje, uone kama unapasuka." Nauliza kwa unyenyekevu: je, bwana huyu amepata kununua kitu chochote akiwa na ngozi kama yangu? Duka linalouza nyaya, ambalo sitalitaja, lina mlango mpana wenye kengele, na ubavuni lina kidirisha. Mlango ni wa Wazungu. Kidirisha ni chetu, na ukubwa wake ni sawa na kitabu cha misa kilichofunguliwa. Nilikuwa nimevaa tai. Ninayo kadi ya sifa za kiraia ambayo serikali imenipa, yenye picha yangu na muhuri. Niliipitisha kidirishani. Kadi iliingia, ikatazamwa mbele na nyuma, ikarudishwa. Mimi nilibaki nje.

Nilimweleza muuzaji kwamba gazeti limeniagiza kutazama na kukunja. Akauliza, "Gazeti ya nani?" Kwa kuwa sikutaka kulitia jina lako katika ugomvi, niliingiza mkono tu. Basi mkono wangu ukawa ndani, na macho yangu yakabaki nje. Nikashika kitu kinene, nikakikunja, nikaona kinakunjika vizuri sana, nikakisifu kwa sauti, hata nikauliza kama vipo vinne. Muuzaji akasema, "Karani, hiyo njo mukanda yangu. Achilia."

Mwishowe nilipewa nyaya zilizofungwa kwenye karatasi, nikaambiwa anayetaka kuona aone nyumbani kwake. Kwa hiyo dai langu la kwanza ni kwamba shauri lile liliandikwa kwa jicho la mtu mwingine, na halikusema hivyo.

2. Aliandika tena: "Kila waya uwe na urefu wake, usivutwe, wala usilegee." Kupima kunataka utepe. Utepe pekee hapa jirani ni wa Okito, fundi wa cherehani, naye siku hiyo alikuwa nyumbani kwangu akimpima Jeannette gauni la arusi. Yeye alimpima binti, akaandika hesabu zake kwenye kikaratasi. Mimi niliazima utepe, nikapima injini, nikaandika zangu kwenye kikaratasi. Vikaratasi vilikuwa viwili, meza ilikuwa moja, na upepo ulikuwa unatoka mtoni.

Sitaki kurefusha habari hii. Okito ni mtu anayeheshimu maandishi ya karani. Alishona bila kuuliza. Mkono wa kushoto wa gauni ulitoka na sentimeta ishirini na sita, na wa kulia hamsini na moja. Nami kwa upande wangu niliikatia buji ya kwanza waya wenye urefu wa kiuno cha binti yangu, ukaizunguka injini mara moja ndipo ukafika. Waya ulipunguzwa kwa kisu. Gauni halikuweza kuongezwa kwa kisu. Pélagie aliunga ule mkono mfupi kwa kipande cha pazia, na alipokuwa anashona alisema maneno ambayo gazeti la Kikristo haliwezi kuyachapa, baadhi yake yakimhusu Fundi Mjuzi na mengi yakinihusu mimi.

3. Aliandika: "Kama unataka kujua kwamba waya hauvuji moto, tazama injini inayonguruma ukiwa gizani." Shauri zuri, kwa mtu anayeruhusiwa kutembea gizani. Sisi wa Kasuku tunayo saa yetu ya kuwa ndani, na injini yangu haijui kunong'ona. Nikaona ni lazima nitengeneze giza saa nane za mchana. Nilichukua mablanketi mawili ya kitandani, nikayatandika juu ya injini inayonguruma, nikaingiza kichwa.

Giza lilikuwa zuri. Moshi ulikuwa mwingi. Niliinama karibu ili nione vizuri, na kweli niliona cheche: moja, kubwa, ya rangi ya buluu, nayo ilikuwa imetoka kwenye pua yangu. Majirani wanasema waliona mablanketi mawili yakiruka juu na kumtaja Mtakatifu Yosefu. Nilipotoka, Bulaimu alikuwa amesimama barabarani, kichwa kimeinama upande mmoja. Akasema, "Bwana Karani, injini hii inakohoa. Nisogee niangalie?" Pua ilikuwa inaniwaka. Nikamwambia magari ya mbio yote hukohoa, ni tabia yake. Akasema, "Aa," akaenda zake. Ninataja jambo hili ili ujue kwamba hata nikiwa nimeunguzwa niliendelea kukutetea.

4. "Vichwa vya nyaya viume kwa nguvu." Vimeuma. Viliuma hata vikakataa kutoka nilipotaka kuvisafisha, na kwa kuwa Fundi Mjuzi hakusema lolote juu ya kuvifungua, nilivipaka mawese. Tangu siku hiyo injini ikipata joto inatoa harufu ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na mbwa wa Kasuku wananifuata mpaka kazini.

5. Sasa nafika siku yenyewe, na hapa naomba uvue miwani uifute, kwa maana mambo ni mengi.

Treni ya Kibombo iliingia saa tatu na nusu asubuhi, chini ya mvua nyembamba. Nilikuwa nimelisimamisha gari langu mbele ya stesheni, nimevaa suti nyeupe. Akashuka mama mkwe wa binti yangu, Mama Philomène, mwanamke mnene mwenye macho yanayoona kila kitu, na nyuma yake watu wa Kibombo kama ishirini, na makuku, na gunia la mchele. Lazima ujue, Ndugu Mhariri, kwamba koo zetu mbili zilikuwa hazipatani. Sisi tulisema Wakibombo wanapunguza heshima. Wao walisema Wakasai wanajiona. Kwa mwezi mzima tulibishana kwa barua juu ya nani atakaa upande gani wa kanisa. Gari langu lilikuwa jibu langu la mwisho.

Nilimfungulia Mama Philomène mlango. Akaketi, akanusa, akauliza, "Hapa munapika?" Niliondoa gari.

Liliondoka likisema *pa, pa*, kisha kimya, kisha *pa*, kisha likapiga mlio mkubwa kama bunduki. Watu wa treni walilala chini. Askari wa polisi aliyekuwa mbele ya ghala alikuja mbio akaniuliza, "Kibali ya bunduki iko wapi?" Nikamwambia sina bunduki. Akafikiri. "Basi njo mubaya zaidi," akasema, "unapiga bila bunduki." Wakati anatafuta penseli ya kuniandika, gari lilijivuta likaondoka lenyewe, nami ndani yake, na Mama Philomène ameshika kilemba chake kwa mikono miwili.

Kutoka stesheni kwenda Kasuku lazima uvuke reli. Tulifika juu ya reli. Hapo gari likasema *pa* moja tu, ya chini sana, kama mtu anayeomba radhi, likafa.

Upande wa bandari kichwa cha treni kilikuwa kinakuja polepole na mabehewa kumi na moja. Kilipiga filimbi. Kikasimama. Bwana mkubwa wa stesheni, Mzungu mwenye saa ya mfukoni, alitoka ofisini akasimama chini ya paa, ameishika saa yake, anatutazama. Kwa miaka kumi na mmoja mimi ndiye ninayeandika katika kitabu kikubwa sababu za kila treni iliyochelewa hapa Kindu: mvua, kuni, ng'ombe, daraja. Siku hiyo sababu ilikuwa imekaa juu ya reli, imevaa suti nyeupe. Niliinua kifuniko cha injini, nikazitazama nyaya zangu nne. Zilikuwa nzuri, nyeusi, zimekaa kwa mpangilio kama shanga. Nilizigusa moja moja. Nilijua kila neno la ukurasa wa nne, na hakuna neno hata moja lililonisaidia. Niliona kazi yangu inakwenda, na kadi yangu inakwenda, na binti yangu amekaa nyumbani na gauni la mikono miwili isiyolingana, anasikiliza kama baba yake anakuja.

Mama Philomène alishuka. Alivua viatu, akaviweka juu ya kiti pale alipokuwa amekaa yeye. Alifunga kitenge cha pili kiunoni. Kisha akageukia watu wake waliokuwa wanakuja nyuma na makuku yao, akapiga kofi moja.

"Baba Jeannette," akaniambia, "shika usukani. Kazi ya miguu utuachie siye."

Walinisukuma nikatoka juu ya reli. Nilijaribu kuliwasha tena. Mama Philomène akanikataza kwa kidole. Walinisukuma mpaka mlangoni kwangu, na pale ndugu zangu wa Kasai, walipoona Wakibombo wanalisukuma gari letu na matope yamewafika magotini, waliona haya, wakavua makoti yao. Jeannette akatoka. Akaketi pembeni yangu, ule mkono wa pazia akauficha chini ya maua. Pélagie alishika mwavuli kwa nyuma. Tukaondoka.

Nilikuwa natazama mbele tu. Sikutaka kuona mtu yeyote, wala kuonwa. Nilimwambia mtoto, "Nisamehe, mama." Jeannette akanigusa bega. "Baba, usifiche uso. Angalia nyuma kwanza."

Niligeuka. Ilikuwa mikono kama arobaini juu ya bati moja dogo jekundu. Watu waliobishana mwezi mzima juu ya mabenchi walikuwa wamebanana bega kwa bega, Mkibombo, Mkasai, Mkibombo, hata yule askari wa polisi, penseli yake sikioni. Na walikuwa wanaimba wimbo mmoja, jambo lililomshinda Padri katika mazoezi matatu ya sisi Wakasai peke yetu. Bulaimu naye alikuwepo, ingawa yeye ni mtu wa msikiti. Alitusukuma mpaka ngazi za kanisa, akabaki nje akililinda gari. Ndani, kila mtu alikaa alipopata. Félicien aliitazama ile mikono ya gauni, mfupi na mrefu, akasema hajapata kuona mtindo mzuri kama huo. Hapo nikajua kwamba nimepata mkwe.

Nililia. Wengine wanasema ilikuwa mvua, lakini mimi ni karani, siandiki uongo: ilikuwa nusu kwa nusu. Hili naliweka pia katika hesabu ya makosa yenu. Mmemfanya mtu mzima, mwenye kadi ya sifa za kiraia, alie mbele ya wakwe.

Katika karamu Mama Philomène alisimama akatangaza, "Muke ya wengine huletwa. Huyu siye tulimusukuma na mikono yetu. Sasa njo wetu kabisa, hamuna tena neno." Walipiga vigelegele. Na alichosema ni kweli, walimsukuma. Hivyo kwa ajili ya nyaya nne nimepoteza hoja yote juu ya binti yangu.

Jumatatu nilikifungua kitabu kikubwa. Kwenye safu ya "Sababu" niliandika: *Karani wa mizigo.* Bwana mkubwa aliisoma, akachukua kalamu nyekundu, akaongeza: *na nyaya zake.* Nilingoja wiki nzima niitwe. Sijaitwa.

6. Pale stesheni jina langu sasa ni Bwana Pa-Pa.

Kwa hayo yote, Ndugu Mhariri, naona si haki kudai kidogo. Naomba gazeti lifanye haya yafuatayo, na lisipoweza yote lianze na la mwisho.

Kwanza, Fundi Mjuzi aandike barua ya kuomba radhi kwa gauni la Jeannette, hasa mkono wa kushoto. Pili, mashauri yote juu ya nyaya yapigwe marufuku katika umbali wa kilometa kumi kutoka kwenye reli yoyote ya Kongo. Tatu, kwa kuwa sisi hatuwezi kutoka Kindu kwenda Kibombo bila karatasi yenye muhuri, yenye jina, kabila na sababu ya safari, naona si haki kwamba waya wa buji unasafiri kutoka Ulaya mpaka ndani ya injini ya mtu bila karatasi yoyote. Kila waya upewe kitabu chake. Kiandikwe ulizaliwa wapi, mwajiri wake wa mwisho ni nani, na kama umepata kuacha kazi bila ruhusa. Nne, vitabu hivyo visipopatikana, basi cheche zenyewe zizuiwe kuingia wilaya yetu ya Maniema, nasi turudi kwenye kuni, ambazo zinaonekana kwa jicho na kushikwa kwa mkono hata kidirishani. Tano, Fundi Mjuzi mwenyewe apande meli, aje Kindu akiwa na suti na tai, alisukume gari langu kutoka kanisani mpaka stesheni, peke yake, wakati wa mvua, akiimba.

Nimemaliza. Kalamu yangu ni kali, moyo wangu hauna kinyongo. Nisalimie mafundi wa mitambo ya kuchapa, nisalimie mtu anayepanga herufi, ambaye kazi yake ni safi siku zote, nisalimie mlinzi wa mlango wenu, mkeo, watoto, na mama mzazi kama angali nawe. Pélagie anawasalimu. Jeannette na Félicien, waliokuja jana kuchukua vyombo vyao wakalala hapa, wanawasalimu. Okito anawasalimu na kusema hana kosa. Msalimie hata Fundi Mjuzi, lakini kwa mbali.

Ni mimi, msomaji wako aliyeumizwa pua na heshima,

MUKUNA Tharcisse
Karani wa mizigo, Kindu

Nyongeza baada ya kutia sahihi. Ndugu Mhariri, nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha Jeannette alipoomba aisome barua. Alisoma yote amesimama mlangoni, kisha akaenda kwa jirani akarudi na toleo la Februari lililo zima. Kumbe mashauri ya Fundi Mjuzi yaliendelea ukurasa wa tano. Mimi nilikata ule wa nne nikaubandika ukutani, na uliobaki Pélagie aliufungia samaki wakavu. Juu kabisa ya ukurasa wa tano imeandikwa kwa herufi nene: "Zaidi ya yote, kabla ya kuweka nyaya, tazama kidole cha delko kinazunguka upande gani."

Nilikwenda mwenyewe kumwita Bulaimu. Alikuja, akazungusha injini polepole kwa mkono, akaniambia nitazame. Mimi nilikuwa nimepanga nyaya kwa njia ya mshale wa saa. Kidole kinakwenda njia ya pili. Bulaimu alizihamisha nyaya mbili, ile ya buji ya pili na ile ya tatu, kila moja mahali pa mwenzake. Hakucheka. Alifuta mikono, akaomba maji ya kunywa. Injini iliwaka mara ya kwanza na sasa inanguruma taratibu kama mashine ya Okito. Nyaya zilikuwa nzuri tangu mwanzo. Bulaimu anasema hajaona bora kuliko hizo. Kwa hiyo yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi namba sita, ukiacha kidirisha, ni makosa yangu. Lakini tafadhali ichapeni barua kama ilivyo, kwa maana nimekwisha kuwaambia watu wote wa stesheni wanunue toleo lijalo.

Limebaki jambo moja. Jacqueline, binti wa dada yake Pélagie, anaolewa mwezi wa Agosti na kijana wa Kampene, na koo hizo mbili hazisalimiani. Leo baada ya misa wazee wa pande zote mbili wamenijia, kila upande kwa siri yake, wakiomba gari langu, kwa sharti kwamba lisiende lenyewe, bali lisukumwe. Bulaimu anasema kuzipanga nyaya vibaya tena hakutoshi, maana injini ya namna hiyo hukohoa tu, na siku nyingine huweza kuamua kwenda. Inatakiwa isimame kweli, na isimame mbali na reli. Kwa hiyo nafuta madai yangu yote matano, na badala yake namwomba Fundi Mjuzi atuandikie kabla ya Agosti, katika ukurasa mmoja ikiwezekana, jinsi ya kuchagua nyaya mbovu zilizo amini.